Siku Duka la Hatufungi Lilipofunga

Mimi ni fundi cherehani, na sikukuu sishoni. Nalisema mapema ili tuelewane. Jioni ya kuamkia sikukuu naifunika cherehani yangu kwa kitambaa cha maua, nafunga mlango wa chumba cha mbele, na mteja akija amebeba suruali iliyopasuka makalioni namwambia avute subira mpaka keshokutwa. Wengine hununa. Nawaacha wanune. Suruali haina haraka, na keshokutwa hufika.

Mke wangu ndiye kinyume changu. Ni keshia katika lile duka kubwa la njia panda, ambalo mlangoni pake, kwa juu, pana ubao mrefu wa taa ulioandikwa HATUFUNGI. Kwa sababu ya ubao huo hakuna anayelikumbuka jina halisi la duka. Watu husema tu, nimepita Hatufungi, nimenunua Hatufungi. Usiku na mchana, mvua na jua, sikukuu ya hawa na sikukuu ya wale, taa zinawaka na mashine zinalia tii, tii, tii. Yeye yupo pale tangu siku ya kwanza, na sasa imetimia miaka kumi na mbili. Wateja wamempa jina la Karibu Tena, kwa kuwa ndilo neno analomwambia kila mtu anapomkabidhi risiti. Nimewahi kumsikia akilisema usingizini, tena kwa adabu zote, nami nikajibu asante, maana ningefanyaje.

Sikumwoa akiwa hivi. Nilimwoa msichana mwenye mikono myepesi na maneno mengi, ambaye akicheka, jirani wa nyumba ya tatu alijua kuna jambo kwetu. Tulishona pamoja. Mimi nilikata, yeye alitia vifungo na kupinda mapindo, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko sindano. Kisha nguo za mitumba zikajaa kila kona, wateja wangu wakaadimika, na binti yetu alikuwa bado shuleni. Duka lilipotangaza kwamba linatafuta watu, akaenda. Tulikubaliana ni kwa miezi sita. Miezi sita hiyo ndiyo tunayoimalizia mpaka leo.

Habari ya siku ya ufunguzi alinisimulia mwenyewe. Tajiri mwenye duka alisimama mlangoni mbele ya wageni wake na wafanyakazi waliovaa vizibao vyekundu vipya. Akazinyanyua funguo za mlango watu wote wazione, akasema duka hili halitafungwa kamwe, kisha akazitupa kwenye mtaro wa maji machafu. Chubwi. Wageni wakashangilia, wafanyakazi wakapiga makofi.

"Na mimi nilipiga," mke wangu husema kila akiisimulia, akiviangalia viganja vyake. "Nilipiga kuliko wote."

Tangu hapo ikawa wiki moja asubuhi, wiki moja jioni, wiki moja usiku. Mwili wake ukachanganyikiwa kama jogoo aliyehamishwa nyumba. Alianza kula akiwa amesimama, hata hapa kwetu, sahani mkononi na mgongo kwenye kabati. Nikimwambia keti, anasema ndiyo, naketi, na haketi. Miguu ilimvimba mpaka nikampasulia viatu kando na kuvitia kiraka cha ngozi laini. Maneno nayo yalipungua. Alikuwa akirudi amezungumza na watu mia tatu, na kwangu hakubaki na neno la akiba. Nikilalamika hunijibu kwamba kazi mbi si mchezo mwema, kisha analala na soksi zake.

Kila sikukuu namshonea gauni. Ndiyo desturi yangu tangu tulipooana, na sikuiacha alipoingia Hatufungi. Magauni kumi na mawili ya miaka hiyo yametundikwa kabatini, na mengi hayajaonja jua, kwa sababu sikukuu ikifika yeye huvaa kile kizibao chekundu na kofia yake. Kizibao kile nilikichukia waziwazi. Mfuko wake wa kushoto, anamoweka simu, ulikuwa umefumuka miezi mingi. Aliniomba niutie nyuzi mbili nikakataa. Nilimwambia nguo za tajiri zitafute fundi wa tajiri, mimi nashona za watu. Hakubishana nami. Aliubana kwa pini.

Lakini juu ya duka lenyewe tulibishana sana, wakati alipokuwa bado na nguvu za kubishana. Yeye alikuwa na hoja, na sitamdhulumu. Alikuwa akinieleza juu ya muuguzi anayetoka zamu alfajiri na hana hata mkate nyumbani, na baba aliyekuja mbio siku ya sikukuu akitafuta maziwa ya mtoto mchanga. Hao nao ni watu, aliniambia, nao wanakula. Nami nilikubali. Hospitali isifungwe, maji yasifungwe, na maziwa ya mchanga yapatikane hata kwa dirisha dogo la pembeni. Ila nilimwuliza, sikukuu iliyopita watu walinunua nini? Akanitajia kwa uaminifu: beseni, kamba ya kuanikia nguo, dawa ya viatu, soksi, na mtu mmoja alikuja kurudisha pasi. Nikamwuliza ni yupi kati ya hao angekufa kabla ya kesho yake. Alifikiri kidogo. Akasema yule wa pasi alikuwa na hasira sana.

Nisijitie utakatifu, lakini. Sikukuu moja sukari iliniishia na wageni wawili wamekaa kibarazani. Nikachukua kofia yangu nikaenda Hatufungi. Nilipanga foleni kwenye mashine yake, nikasubiri, nikafika. Hakuinua macho. Akapitisha sukari, tii, akapokea hela, akanipa chenji na risiti, akasema, "Karibu tena." Mimi, mumewe. Nilisimama kidogo nikitumaini ataniona. Aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega akaniambia mzee, sogea. Nilirudi nyumbani na sukari yangu, na kwa mara ya kwanza nikajua ni nani hasa anayeziwasha zile taa. Sijawahi kumwambia kwamba nilikuwa mimi.

Binti yetu aliolewa mbali. Mtoto wake, mjukuu wetu wa pekee, ana miaka miwili na nusu, na mke wangu alikuwa amemwona mara moja tu, akiwa na wiki tatu, kwa siku moja ya ruhusa. Baada ya hapo walionana kwa simu. Alikuwa akipiga wakati wa mapumziko, akiwa stoo katikati ya makatoni ya sabuni, kizibao kikiwa mwilini na kofia kichwani. Mtoto alipoanza kusema akawapanga bibi zake. Mama wa baba yake, anayekaa naye mtaa mmoja, alikuwa Bibi tu. Wetu alikuwa Bibi wa Dukani. Tulicheka sana siku tuliyosikia. Mke wangu alicheka pia, kisha akaenda kukosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha koshwa.

Mwaka huu, wiki tatu kabla ya sikukuu, binti alipiga simu. Mumewe amehamishwa kazi, ametangulia huko mbali zaidi, na yeye anamfuata na mtoto. Njia inapita kwetu. Watafika sikukuu asubuhi na kuondoka kwa basi la saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ni mwaka, au miwili, nani ajuaye. Mke wangu alishika simu kwa mikono miwili muda wote. Alipoikata alibaki akiitazama.

Siku za sikukuu Hatufungi hawatoi ruhusa. Wote huingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja jioni, maana watu ni wengi. Mimi nikaona jambo ni rahisi. Nikasema tutamleta mtoto dukani, amwone bibi yake hapo kwenye mashine, hata kwa dakika kumi.

"Dukani ameshaniona," akasema. "Nataka anikute kwangu. Nimekaa."

Kesho yake akaenda kwa meneja. Meneja ni kijana nadhifu, ana adabu, shati lake halina kunyanzi, na sina ugomvi naye zaidi ya huo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole kwamba akimpa yeye, wote watataka. Mke wangu hakupandisha sauti. Kwa miaka kumi na mbili hakuwa ameomba kitu, na pengine ndiyo sababu hakujua kuomba kidogo.

"Basi wape wote," akamwambia. "Funga."

Meneja akacheka. Alidhani ni mzaha, akausambaza, na wenzake wakausambaza, ukapanda ngazi mpaka ukamfikia Tajiri, ambaye siku hizi ni mzee wa mkongojo na huja dukani mara chache. Wanasema Tajiri hakucheka. Aliuliza nani kasema hivyo. Akaambiwa. Kisha akasema yule mama hajapata kumwomba kitu hata siku moja. Akaamuru sikukuu duka lifungwe saa sita mchana, lifunguliwe kesho yake saa mbili. Mke wangu aliponiletea habari hiyo aliketi. Ninakumbuka vizuri, kwa sababu kiti kilishangaa kuliko mimi.

Nikashona gauni la kumi na tatu. Kitambaa cha buluu, mikono mirefu kidogo, na mifuko miwili mikubwa, kwa kuwa bibi bila mifuko ya kutilia peremende ni bibi nusu. Asubuhi ya sikukuu alilikunja akalitia kwenye mfuko wa kamba, ili akitoka kazini atoke nalo mwilini.

Binti na mtoto walifika saa nne. Mtoto alikagua nyumba yote, akachungulia hata chini ya kitanda, akaniuliza Bibi wa Dukani yuko wapi. Nikamwambia anakuja sasa hivi. Chakula kilikuwa jikoni, meza imepangwa, na kiti cha bibi nilikiwekea mto. Saa sita ikapita. Saa sita na nusu ikapita. Saa saba simu ikalia.

"Mlango haushuki," mke wangu akasema.

Nilichukua kopo langu la mafuta ya cherehani, bisibisi na nyundo. Binti alitaka tufuatane na mtoto. Nikamkumbusha alivyosema mama yake, naye akakaa. Nilikwenda kwa miguu yangu ya kifundi, ambayo haijazoea mbio, na nilipofika nilimkuta meneja juu ya ngazi katika nguo zake za sikukuu, na mlinzi akiishikilia ngazi chini.

Mlango wa duka lile ni wa chuma, wa kuviringisha, unakaa juu umejikunja kama mkeka. Kwa miaka kumi na mbili haujashuka hata shubiri moja. Habari ya funguo haikuwasumbua, kwani kufuli zinauzwa mle mle ndani na mbili mpya zilikuwa tayari zimetolewa rafuni. Kwamba mlango wenyewe ungeweza kukataa, hilo hakuna aliyelifikiria. Ulikuwa umeshika kutu kwenye reli zake. Na hata usingeshika, palikuwa na jambo jingine. Ule ubao wa HATUFUNGI ulifungwa kwa bolti nne chini kidogo ya mkunjo wa mlango, ukakatiza njia nzima. Fundi aliyeufunga hakuona kosa, na nani angemlaumu. Ili duka lifungwe, ilibidi ubao ushushwe kwanza. Walikuwa wamewapigia simu mafundi wote wa milango na wa umeme, na wote walijibu kwamba leo ni sikukuu, wamefunga.

Hapo nilicheka, peke yangu. Niliomba radhi baadaye.

Wafanyakazi wengine walikwishaondoka tangu saa sita. Mke wangu alikuwa kwenye mashine yake. Meneja alikuwa ametoa uamuzi kwamba mlango ukiwa wazi, duka liko wazi, kwa hiyo lazima mtu akae, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeomba duka lifungwe, abaki mpaka lifungike. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alimwambia, na nadhani alitaka kumchekesha. Watu walikuwa wakipita chini ya ngazi kama kawaida, wanaingia na vikapu. Mama mmoja alisimama chini ya miguu ya meneja akaniuliza tunafunga saa ngapi. Nikamjibu tumefunga tangu saa sita. Akasema vizuri, basi ana muda, akaingia.

Nikaenda mpaka kwenye mashine. Safari hii aliinua macho.

"Fundi, saa ngapi?"

"Saa nane kasoro."

"Basi bado," akasema, akaendelea kupitisha vitu. Mfuko wenye gauni ulikuwa miguuni pake. Niliona jinsi alivyoubana kwa visigino, usije ukaibwa.

Tulizima umeme wa ubao, tukaanza na bolti. Ya kwanza ilikubali saa nane na nusu, baada ya mafuta na matusi ya mlinzi, ambaye anayajua mengi. Ya pili na ya tatu zilitoka pamoja. Ya nne ilikataa katakata. Tulibadilishana juu ya ngazi, mimi, meneja, mlinzi, halafu mimi tena. Meneja alitaka tuache, tuweke mlinzi mlangoni, mama aendelee tu mpaka jioni. Nikamwambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa namwona mke wangu kwa kioo, mgongo umeinama, mkono unakwenda tii, tii, na kila baada ya mteja anatazama saa ya ukutani. Shati la meneja likapasuka kwapani. Akaniangalia.

"Keshokutwa," nikamwambia.

Bolti ya nne ilikatika saa kumi kasorobo. Tuliushusha ubao tukauegemeza ukutani, na nyuma yake palikuwa na kiota kikavu cha ndege na vumbi la miaka yote hiyo. Mlango nao tuliufunga kamba mbili za kuanikia nguo, mpya, kutoka rafu ya tano, tukavuta. Ulishuka ukilia hivi kwamba watu wa ng'ambo ya barabara walitoka nje. Ulipofika usawa wa kifua, mke wangu alikuja akiinama kutoka ndani. Alikuwa amepita chooni kubadili, na kizibao na kofia sasa vilikuwa ndani ya mfuko wa kamba. Lile gauni la buluu lilimkaa mabegani, lakini kiunoni lilimpwaya. Nilikuwa nimeshona kwa vipimo vya mwaka juzi, sikujua amekonda kiasi hicho. Mtu akiwa hakai, hapimiki.

Ndipo akatokea bwana mmoja mbio, akashika ukingo wa mlango kwa mkono, akasema anataka wembe tu, dakika moja. Meneja akatazama chini. Mlinzi akatazama chini. Mke wangu alisimama mbele ya yule bwana.

"Tumefunga," akasema.

Hakuwa amewahi kulisema neno hilo katika maisha yake ya kazi. Alilirudia mara ya pili kwa sauti ndogo, si kwa ajili ya yule bwana. Kisha tukavuta mara ya mwisho, kufuli zikabana.

Tulifika nyumbani saa kumi na moja kasoro dakika kumi, kwa sababu miguu yake haiwezi haraka. Njiani alinawa uso kwenye bomba la jirani, akaweka peremende mfukoni, akaniuliza kama nywele zake ziko sawa. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Walikumbatiana muda mrefu, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye viatu. Mtoto alikuwa nyuma ya sketi ya mama yake.

Mke wangu akapiga magoti. "Njoo kwa bibi," akasema.

Mtoto akamtazama. Akatikisa kichwa. Binti akamwambia huyu ndiye bibi, si ulikuwa unamwulizia tangu asubuhi? Mtoto akatazama tena, kuanzia juu mpaka chini, akafikia uamuzi.

"Si huyu. Namtaka wa Dukani."

Tukacheka kama watu wazima wanavyocheka wakitaka jambo lipite. Halikupita. Peremende alizikataa. Alipojaribiwa kubebwa alilia mpaka akakohoa, akajificha kwapani mwa mama yake. Binti aliona haya, akaanza kumkaripia, na mke wangu akamzuia, akasema asimlazimishe, mtoto hana kosa, tuleni. Tukala. Alikaa kwenye kile kiti chenye mto, sahani mapajani, gauni la buluu likimpwaya, jinsi alivyokuwa ameomba. Na mjukuu wake alikuwa ng'ambo ya meza akimchungulia kwa jicho moja, kama mtu anayemwangalia mgeni anayechelewa kuondoka. Niliona uchungu, na sitafuti neno jingine. Saa kumi na moja na nusu ilikuwa lazima watoke kwenda kituoni. Ilikuwa imebaki robo saa.

Mke wangu aliweka sahani chini, akaingia chumbani. Binti alinitazama, nami nikatazama meza. Nilidhani amekwenda kulia, na nilikuwa nampa nafasi.

Alitoka amevaa kizibao chekundu juu ya gauni langu. Kofia kichwani. Pini ya mfuko wa kushoto iking'aa. Alisimama tu katikati ya chumba, mikono pembeni.

Mtoto akainua kichwa.

"Bibi wa Dukani!"

Alishuka mapajani mwa mama yake akakimbia, akarukia yale magoti, akapanda mwenyewe bila kusaidiwa. Akachukua kijiko mezani akampitishia bibi yake mbele ya kifua. "Tii," akasema. Mke wangu akakipokea kijiko. "Karibu tena," akamjibu. Mtoto akacheka mpaka akaonyesha meno yote. Akaleta kikombe, tii. Akaleta futi yangu ya kupimia, tii. Kiatu changu kimoja, tii. Alikuwa akienda na kurudi, kila kitu ndani ya nyumba kikapita mikononi mwa bibi yake, na kila mara mke wangu alisema karibu tena, karibu tena, na machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mimi nilitoka kibarazani. Nilikuwa nimeapa kwamba kizibao kile kikija mezani kwangu siku ya sikukuu nitakichoma.

Tuliwasindikiza. Mke wangu alikwenda kituoni hivyo hivyo, kizibao juu ya gauni, na watu wawili walimwuliza njiani kama ni kweli duka limefungwa. Basi lilipoondoka, mtoto alikuwa dirishani, akipunga mkono kuelekea kitu chekundu katikati ya watu, mpaka hatukuliona tena basi.

Nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda. Akavua kofia, akavua kizibao, akakitundika kwenye kitasa cha mlango.

"Kesho naingia saa mbili," akasema. Baadaye kidogo akauliza, "Wataurudisha ule ubao?"

Nikamwambia wataurudisha kabla ya saa mbili, mafundi watakuwa wamefungua. Akaitikia kwa kichwa. Akajilaza na gauni la buluu, hata viatu hakuvua, na kabla sijamaliza kumvua cha pili alikuwa amelala.

Nilikitoa kizibao kwenye kitasa nikaenda nacho chumba cha mbele. Sikukuu ilikuwa haijaisha. Nje jua lilikuwa bado na rangi kidogo na majirani wamekaa milangoni. Nilikiondoa kile kitambaa cha maua juu ya cherehani, nikakikunja, nikatafuta uzi mwekundu. Nikachomoa pini. Mfuko nikaushona mara mbili, mshono juu ya mshono, usije ukafumuka tena, kwa sababu ndimo anamoweka simu, na mtoto atapiga kesho.